Wakili wa Pande Mbili

Mliniacha pabaya wiki iliyopita, wasomaji wangu. Mmekunywa chai zenu siku saba bila wasiwasi, na mimi nimesimama vilevile kwenye korido ya mahakama ya Blackburn, Uingereza, kalamu mkononi, mdomo wazi.

Kwa wale waliokuwa na shughuli za maana kuliko zangu, nakumbusha haraka. Jina langu ni Junaid Desai. Niko mafunzoni kuwa wakili katika kituo cha msaada wa sheria cha mtaa wa Tanner's Brow, ambapo kila kitu ni cha bure isipokuwa maegesho. Kila Jumanne tunaweka meza kwenye korido ya mahakama kuwasaidia wapangaji wanaotakiwa kutoka kwenye nyumba na hawana wakili. Zimebaki wiki tatu bosi wangu atie saini ya mwisho niwe wakili kamili. Mama yangu hakuweza kusubiri. Ameshawatangazia wanawake wote wa msikitini kwamba mimi ni jaji.

Siku ile bosi alikuwa mji wa Preston kwenye kesi nyingine, nami nimeachiwa meza peke yangu kwa mara ya kwanza. Kwa dakika ishirini nzima nilikuwa nimemshauri mzee mmoja mpole, sweta limetoboka kiwiko, amekumbatia mfuko wa plastiki wa supamaketi uliojaa barua ambazo hazijafunguliwa.

Ndipo karani wa mahakama akaita, "Entwistle na Pickup! Jiandaeni, mnaingia sasa hivi!"

Mzee wangu akasimama. Upande wa pili wa korido mwanamke mmoja mwenye koti zuri la sufu naye akasimama.

"Mpangaji ni nani kati yenu?" karani akauliza.

Mwanamke ndiye aliyenyoosha mkono.

Nilimgeukia mzee taratibu.

"Wewe si mpangaji?"

"Mpangaji?" Alicheka kidogo. "Mimi ndiye mwenye nyumba, mwanangu. Harold Entwistle. Nilidhani unajua. Mbona umenihoji vizuri sana?"

Nijitetee kidogo. Katika kazi yetu, mteja hujulikana kwa mfuko wa plastiki. Mwenye nyumba huja na faili, na wakala, na viatu vinavyong'aa. Mpangaji huja na mfuko wa supamaketi wenye barua za mwaka mzima, kwa sababu alishaogopa kuzifungua. Mawakili wote wa vituo kama chetu wanaujua mfuko ule. Ukiuona, mikono inakwenda yenyewe kuvuta kiti.

Basi nilivuta kiti. Kanuni ya kwanza ya mafunzo yangu, iliyoandikwa kwa herufi nyekundu juu ya mashine ya fotokopi, inasema muulize mtu jina lake na yuko upande gani kabla hata ya kumsalimu. Mimi nilimuuliza kama anatumia sukari.

Na bado sijawaambia baya lenyewe.

Katikati ya ile chai, Bwana Entwistle aliniinamia akanong'ona, "Kuna kitu kinaninyima usingizi. Cheti cha usalama wa gesi. Kwenye nyumba ile hakijawahi kuwepo."

Mimi, nikidhani naongea na mpangaji aliyedhulumiwa, nilipiga meza kwa furaha. Mwenye nyumba asiyempa mpangaji cheti cha gesi hawezi kumtoa kwa notisi. Karatasi yake inakuwa ya kufungia chipsi. "Hiyo ndiyo dawa!" nilimwambia. "Jaji akikuuliza, sema kweli tupu. Usiongeze wala usipunguze." Naye akaandika maneno yangu nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshika mkononi kitu kimoja tu duniani ambacho kingemwokoa yule mama wa koti la sufu. Na kilikuwa siri ya mtu mwingine, aliyenipa kwa kuniamini.

"Wewe ndiye wakili wa bure?"

Alikuwa ameshafika mezani. Denise Pickup, mpishi wa shule ya msingi, mikono ya kunyanyua masufuria, anatafuna chingamu kwa hasira.

"Ndiyo, mama."

"Nimekaa pale tangu saa tatu nikikusubiri umalize kumbembeleza huyo. Mpaka chai umempa. Mimi hata macho hujanipa."

"Koti lako, mama. Nilidhani wewe ni wakala."

"Koti la dada yangu hili! Nimeazima nionekane mtu mbele ya jaji." Alivuta kiti akakaa. "Sikiliza. Mama yangu yuko kwenye kitanda cha hospitali pale nyumbani, chumba cha chini. Ngazi hawezi. Nikitolewa, halmashauri watanipa chumba kimoja cha hoteli ghorofa ya tatu, na yeye watampeleka kwenye nyumba ya wazee. Ameniambia akipelekwa huko atakufa siku hiyohiyo. Na mama yangu hajawahi kuahirisha jambo. Haya, nisaidie."

"Nipe dakika moja," nikasema, na nikala kona hadi kwenye mashine ya vinywaji.

Nilimpigia bosi. Maureen Ollerenshaw amewatetea wapangaji wa mji huu kwa miaka ishirini na sita. Wenye nyumba wakimwona sokoni huvuka barabara. Mimi nikimwona ofisini huenda kupanga mafaili ambayo tayari yamepangwa.

"Sema haraka, naingia ndani."

"Maureen, nimemshauri mwenye nyumba."

"Kwa muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Kimemponyoka kitu?"

"Ndiyo."

"Kinaweza kumsaidia mpangaji?"

"Kinammaliza yeye kabisa."

Nikasikia akivuta pumzi kwa pua. Namjua, hiyo ni hatua ya mwisho kabla ya mlipuko.

"Basi funga mdomo. Siri ya mteja ni siri, hata kama umeipata kwa ujinga. Hatuwezi kumwakilisha huyu wala yule. Mwambie jaji umejitoa, umwombe aahirishe. Na Junaid?"

"Naam?"

"Usiwe mbunifu."

Akakata.

Nilianza na Bwana Entwistle. Nikamweleza kwamba nimekosea mimi, si yeye, na kwamba kazi yangu ni kuwatetea wapangaji.

"Kwa hiyo lile jambo la gesi utamwambia yule mama?" akauliza.

"Hapana."

"Hata kwa kuzungukazunguka?"

"Hata hivyo. Ni siri yako. Itabaki yako."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi wewe ni wakili mzuri sana," akasema.

Sijawahi kusifiwa kazini kabla ya siku ile, na sijawahi kujisikia vibaya hivyo.

Kwa Bi Pickup mambo yalikuwa mafupi zaidi.

"Mama, samahani sana. Siwezi kukusaidia."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema kwa nini."

"Unaweza kusema nini, wewe mtoto?"

"Pole."

"Pole!" Aligeukia korido nzima. "Jamani, mmesikia? Mwanangu wa darasa la nne ana msaada kuliko huyu, na yeye bado anakula gundi!"

Korido ikacheka. Hata mlinzi wa mlangoni alicheka, na yule amekatazwa.

"Mama," karani akaita, "mnaingia. Na hakuna kutafuna humo ndani."

Bi Pickup akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kutemea. Pipa hakuna. Akanyoosha mkono mezani kwangu akachukua kipeperushi.

Vile vipeperushi niliviandika mimi. Ndiyo kazi pekee niliyoaminiwa mwaka wangu wa kwanza. "Mwenye Nyumba Anataka Utoke? Maswali Matano." Nilivikunja elfu tatu kwa mkono, na kwa ninavyojua mimi hakuna binadamu aliyewahi kukisoma hata kimoja. Swali la tatu lilihusu cheti cha gesi.

Nikasema moyoni, soma, mama, soma, soma.

Kisha nikakumbuka ahadi yangu, nikageuka nikautazama ukuta ili hata macho yangu yasimwonyeshe kitu. Kulikuwa na madoa kumi na moja kwenye ule ukuta. Niliyahesabu yote.

Nilipogeuka, Bi Pickup alikuwa ameshatema chingamu yake ndani ya kipeperushi, amekikunja vizuri, amekitia mfukoni mwa koti la dada yake.

Tukaingia.

Jaji alikuwa mama mwembamba mwenye mafua, na sanduku la karatasi laini lilikuwa karibu yake kuliko kitabu chochote cha sheria. Alinitazama juu ya miwani.

"Bwana Desai. Unamwakilisha nani?"

"Hakuna mtu, Mheshimiwa."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kueleza kwamba simwakilishi mtu."

"Umefanikiwa. Kaa."

"Mheshimiwa, naomba kesi iahirishwe ili Bi Pickup apate wakili mwingine. Kituo chetu kimejitoa."

"Kwa sababu gani?"

"Siwezi kusema, Mheshimiwa."

Jaji akapenga kamasi. Alichukua muda wake.

"Kesi hii imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza mimi niliugua, mara ya pili dari lilivuja. Leo inakwisha."

Bwana Entwistle akanyoosha kidole kwa adabu. "Mheshimiwa, samahani. Huyu kijana ni wakili wangu."

"Si wakili wako, Mheshimiwa!" nikaropoka. "Namaanisha, si wakili wake."

"Alinipa chai," mzee akasema.

"Bwana Desai," jaji akasema taratibu, "ukisimama tena nitakutoza kodi ya chumba."

Nikakaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini mahakama ya Blackburn ina zege zito.

Jaji akapitia karatasi. Notisi ilikuwepo, tarehe zilikuwepo, saini zilikuwepo. Kwa macho tu kila kitu kilikuwa sawa.

"Bi Pickup, una la kusema?"

Bi Pickup akasimama. Ule ukali wa korido ulikuwa umemwisha. Akaeleza habari za mama yake, za kitanda, za ngazi, za ile hoteli. Sauti ilimkatika mara mbili. Alipomaliza, jaji alikuwa na macho mekundu, na sidhani yalikuwa mafua peke yake.

"Pole sana, mama. Natamani sheria ingeniachia nafasi. Lakini notisi ya namna hii haihitaji sababu. Ikiwa sahihi, mikono yangu imefungwa." Akachukua kalamu. "Natoa amri ya kuondoka ndani ya siku kumi na nne."

Kalamu ikagusa karatasi.

Bi Pickup machozi yalianza kumtoka. Akatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Mkono ukatoka na kipeperushi.

Alikitazama kama mtu aliyeokota barua ya jirani. Kisha akakifungua.

"Ngoja kwanza!" akasema.

"Bi Pickup, ukimwambia jaji angoje..." karani akaanza.

"Hapa pana maswali, Mheshimiwa. 'Mwenye nyumba anataka utoke.' Si ndiye mimi huyu? La kwanza: 'Je, ulipewa miezi miwili?'"

"Ulipewa," jaji akasema. Kalamu ilikuwa bado imeshikwa.

"La pili: 'Je, ulipewa kile kijitabu cha haki za mpangaji?'"

"Kiko hapa kwenye faili, na saini yako."

"Aa, kile. Nilikiweka chini ya mguu wa meza." Akakishusha chini kipeperushi, kisha akakisogeza karibu na macho. "La tatu. La tatu silioni."

"Kwa nini?"

"Nimetemea chingamu."

Nilikishika kiti kwa mikono miwili.

Bi Pickup akaanza kuivuta ile chingamu kwa ukucha. Ilikuja, lakini ilikuja na maandishi. "Linaanza na 'Je'," akasema kwa matumaini.

"Yote yanaanza na 'Je'," jaji akasema.

Ni kweli, na kosa ni langu. Mwaka wa kwanza nilidhani hivyo ndivyo maswali ya kisheria yanavyoandikwa.

Bi Pickup akageuza kipeperushi. Nyuma yake, chini kabisa, kwa herufi ndogo za majivuno, paliandikwa jina la mtunzi. Akaninyooshea kidole.

"Si wewe huyu? Junaid Desai! Umeandika wewe! Haya, la tatu linasemaje?"

Chumba kizima kikanigeukia. Bwana Entwistle naye alinigeukia, na uso wake ulikuwa umekuwa mweupe pee.

"Bwana Desai?" jaji akasema.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, siwezi kulisema."

"Swali uliloliandika mwenyewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Lililochapishwa nakala mia ngapi?"

"Elfu tatu, Mheshimiwa."

"Na huwezi kulisema."

"Siwezi."

Jaji akaweka miwani mezani. Akanitazama mimi, akamtazama Bwana Entwistle, akanirudia mimi. Mpaka leo sijui kama kile kimya changu kilikuwa kutunza siri au kilikuwa umbea wa hali ya juu. Nimewauliza mawakili watatu. Wawili walibadilisha mazungumzo na mmoja alicheka mpaka akakohoa.

"Nimekaa kwenye kiti hiki miaka tisa," jaji akasema. "Kila Jumanne nasikia maswali hayohayo matano. Sihitaji kusaidiwa. La tatu ni gesi. Bwana Entwistle, ulimpa mpangaji wako cheti cha usalama wa gesi?"

Mzee akasimama. Akanitazama.

"Nimwambie?"

Sikutikisa kichwa. Sikupepesa. Nilijigeuza kabati.

Bwana Entwistle akatia mkono kwenye mfuko wake wa plastiki, akapekua, akatoa bahasha, akaisoma kwa sauti. "'Jaji akikuuliza, sema kweli tupu. Usiongeze wala usipunguze.' Haya ni maneno yake huyu kijana. Nimeyaandika." Akaikunja. "Hapana, Mheshimiwa. Hakipo. Mambo ya fundi na boila alikuwa anashughulikia mke wangu, Edna. Alipofariki nilishindwa kukaa mle ndani, nikampangisha huyu mama. Sikujua hata niulize nani."

Jaji akakata mstari mmoja mrefu juu ya alichokuwa ameandika.

"Notisi haina nguvu. Dai limetupwa."

"Maana yake nini?" Bi Pickup akauliza.

"Maana yake nenda nyumbani kwa mama yako."

Bi Pickup akakaa chini akalia ndani ya lile koti la kuazima, kilio cha sauti kubwa. Karani akamsogezea sanduku la karatasi laini, na jaji hakulidai.

Nami machozi yalinilenga. Nilijisemea, Junaid, umeponea kwenye tundu la sindano. Siri imetunzwa, mama wa watu ana nyumba, na hakuna aliyekufa. Kwa muda wa hatua kumi na mbili, kutoka mle chumbani hadi kwenye meza yangu, nilikuwa wakili bora kaskazini mwa Uingereza.

Hatua ya kumi na tatu nikasikia sauti ya Bi Pickup nyuma yangu.

"Hebu simama hapo, Harold!"

Amemfuata mzee mpaka kwenye benchi.

"Miaka minne nakaa kwako. Kila Jumapili unakuja kumwagilia maua ya Edna. Nakupa pai, unakula, unamwimbia mama yangu. Halafu unanitumia notisi kwa posta! Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Sasa?"

Bwana Entwistle akaushika mfuko wake kwa mikono miwili. "Na mimi natolewa, Denise. Pale juu ya duka la mazulia ninapopanga. Wakala anasema wanakuja kubadilisha vitasa Ijumaa. Sikuwa na pengine pa kwenda. Nilitaka kurudi kwangu tu."

"Ungesema," Bi Pickup akasema, na mara hii kwa sauti ndogo.

"Nilikuja kusema Jumapili tatu. Kila nikija, mama yako ananishika mkono ananiambia nimemwokoa. Ningeanzia wapi?"

"Mzee mjinga wewe," akasema. Akakaa naye benchi moja. "Mjinga sana."

Hapo ndipo ile furaha yangu ilipokata kamba. Mtu aliyekuja mezani kwangu na mfuko wa plastiki alikuwa mpangaji kweli, anafukuzwa kweli, na mimi nilimpa chai na ushauri uliomnyang'anya kitanda cha mwisho alichokuwa nacho duniani. Niliona aibu. Siyo ile ya kuchekwa na korido, hiyo nimeizoea. Hii ilikuwa mpya.

Simu ikalia. Maureen.

"Nimetoka. Sema."

Nikamsimulia yote, chingamu na vyote. Nilitegemea radi. Badala yake akauliza kwa upole ambao sikujua kama anao.

"Huyo mzee bado yupo hapo?"

"Yupo. Amekaa na Bi Pickup. Wanagawana sandwichi."

"Na anatolewa Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii. Ana miaka sabini na nane, Maureen. Nadhani hata barua za mahakama hakuzifungua. Zimo mle mfukoni mwake, nyingine zina gundi bado."

"Kesi ya Pickup imekwisha. Kuanzia sasa huyo mzee ni mpangaji, na mpangaji ndiye mteja wetu." Nikaisikia ile sauti yake ya vita ikipanda, sauti iliyonifanya nikatae kazi ya ofisi za vioo Manchester nije kukunja vipeperushi hapa. "Junaid, nisikilize. Kesho asubuhi tunakwenda kuomba amri isimamishwe. Nitasimama mwenyewe. Mtu anayemtupa mzee mjane nje mwezi wa Desemba, nataka nimtazame machoni. Nitamfanya ajute siku aliyonunua nyumba."

"Sawa, bosi!" Nilikuwa nimesimama wima bila kujua.

"Nani huyo mwenye nyumba?"

"Bwana Entwistle," nikamgeukia mzee, "nani anakufukuza?"

"Sijawahi kumwona, mwanangu. Huja wakala tu. Lakini karatasi imo humu."

Akanipa mfuko mzima. Nikapekua nikiwa nimebana simu kwa bega, nikapita bili, nikapita kadi za pole za Edna, nikaipata bahasha ndefu ya kahawia. Nikaichana. Nikafungua notisi. Nikashuka moja kwa moja hadi chini, penye jina na saini.

Nikasoma. Nikarudia. Nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Saini ile sihitaji kuelezwa na mtu. Naiona kila siku ya kazi, chini ya kila barua inayotoka ofisini kwetu, na mkia wake mrefu unaopita mpaka nje ya mstari.

"Junaid?"

Bi Pickup aliacha kutafuna. Mzee aliniangalia usoni kwa wasiwasi. "Kuna kosa, mwanangu?"

"Junaid! Umepotelea wapi? Nimekuuliza nani anamfukuza huyo mzee!"

"Wewe, Maureen," nikasema.